Nyongeza ya Vumbi

9 Februari

Mdogo wangu Profesa,

Hongera kwa cheo kipya. Mama alipopata habari alivaa viatu akazunguka nyumba kwa nyumba, akijifanya anatafuta chumvi ili apate pa kuanzia kukutaja. Nyumba ya nne wakampa chumvi kweli, akarudi amenuna. Kazi yako yenyewe siielewi vizuri. Nimewaambia watu kwamba unazipima sheria kabla hazijatoka, kama fundi cherehani anavyompima mtu. Nimekosea?

Huku hatujambo. Kifua kinanishika asubuhi, kikichoka kinaniachia. Ni baridi tu. Kiwandani bado tunasaga mawe kuwa unga wa kusugulia sufuria. Nikitoka kazini nimejaa weupe tangu kope hadi kisigino, na watoto wa jirani hukimbia wakipiga kelele kwamba maiti imefufuka.

Mwezi uliopita alikuja Daktari wa Wafanyakazi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Alitupulizisha kwenye mrija wa kupimia mapafu, mmoja mmoja. Anasema serikali itamlazimisha mwenye kiwanda afunge mashine za kunyonya vumbi pale pale kwenye kinu, kabla halijaruka. Wenzangu wanasema ni ndoto. Mimi nikawaambia, "Nina ndugu serikalini."

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mpwa wako kamaliza shule, na hesabu kapata alama za juu kuliko wote. Mtafutie chochote huko, hata kufuta vumbi kwenye mafaili. Hilo ni vumbi ninaloweza kulivumilia. La huku silitaki kwake.

Dada yako


22 Februari

Dada,

Hukukosea sana. Kitengo chetu hupokea kila rasimu ya kanuni na kuuliza swali moja: faida yake inazidi gharama? Serikali isiyouliza hivyo ni kama mlevi sokoni. Na sasa cheka: rasimu ya Daktari wako iko hapa mezani kwangu. Sijamwambia Mkurugenzi kwamba nina dada kwenye kiwanda hicho. Nikisema, faili litapewa mtu asiyejua hata vumbi lenyewe lina rangi gani. Bora likae kwangu.

Usinielewe vibaya, siahidi kitu. Gharama ya mashine za kiwanda kimoja ingetosha kuchimba visima sita, na maji machafu yanaua watoto wengi kuliko mawe yanavyoua watu wazima. Mtu mwenye huruma ya kweli lazima alinganishe. Lakini nataka kulinganisha vizuri, kwa hiyo nisaidie. Niandikie: wenzako wanajua hatari ya vumbi? Mbona hawaondoki? Hiyo nyongeza ya vumbi mnayolipwa kinuni ni kiasi gani, na watu wanaionaje? Usipambe. Andika kama unavyozungumza.

Kuhusu mpwa wangu, nimefikiri sana. Nikimwingiza hapa leo, kesho watasema kitengo cha kupima haki kimejaa ndugu. Aanze hapo hapo kwa muda, upande wa kupakia, mpaka nafasi itangazwe. Kijana hafi kwa kufanya kazi.

Mdogo wako


6 Machi

Profesa,

Umeuliza kama mpelelezi, nami najibu kama shahidi. Andika.

Je, tunajua kwamba vumbi linaua? Tunajua. Nani asiyejua? Unamkumbuka Mrefu, aliyekuwa akibeba gunia kwapani kama gazeti? Mwaka juzi alishindwa kumnyanyua mwanawe. Mwaka jana tulimnyanyua yeye.

Mbona hatuondoki? Twende wapi? Mji huu una kiwanda, soko, na foleni ya watu wanaosubiri tufe wachukue nafasi zetu.

Nyongeza ya vumbi ni bei ya mkate na robo ya sukari kwa siku. Wapakiaji hawaipati, ni sisi wa kinuni tu. Usifikiri tunasukumwa huko, tunapigania! Nikwambie nisilowahi kukwambia. Mimi nilikuwa mpakiaji. Mwaka ule ulipoingia chuo kikuu nilimfuata msimamizi nikamwomba anihamishie kinuni. Akaniuliza, "Una hakika, mama?" Nikamjibu, "Nimechagua mwenyewe, andika." Akaandika. Leo ni miaka kumi na tisa. Sikwambii ili uumie. Nakwambia ili ujue watu wa hapa wanabeba nini na kwa ajili ya nani.

Jumapili wenzangu kumi na wawili walikuja kukaa nami, kila mmoja akaleta neno la kukupelekea. Mama Sweta, yule anayeniazima sweta lake asubuhi za baridi, alisema, "Mwambie ndugu yako sisi si watu wa kuomba makubwa. Feni tu." Walicheka, wakala, wakaondoka wamenyooka migongo. Sikuwahi kuwaona hivyo.

Kuhusu mpwa wako, nimekusikia. Tutaona.

Dada yako


30 Aprili

Dada mpendwa,

Kazi imekwisha, na ninataka ulisikie jambo hili kwangu kabla ya kwa mtu mwingine. Rasimu haikupita. Usiikunje barua. Soma hadi mwisho.

Swali gumu lilikuwa thamani ya uhai. Daktari wako alipiga meza akasema uhai hauna bei. Nikamwambia, "Daktari, kisicho na bei hakiingii kwenye jumla, na kisichoingia kwenye jumla ni sifuri. Mimi ndiye ninayewatetea watu hawa." Alinitazama kama mtu aliyekanyaga kitu.

Kwa hiyo nikawaacha wafanyakazi wenyewe waseme. Hapo barua yako ilifanya kazi ambayo takwimu za miaka kumi zilishindwa. Kila mwaka, katika watu mia wa kinuni, anakufa mmoja zaidi kuliko katika wapakiaji mia. Wanalijua hilo, na bado wanagombea kinu kwa ajili ya nyongeza. Basi jumla ya nyongeza za watu mia kwa mwaka ndiyo bei ambayo wao wenyewe wameupa uhai mmoja. Inafika karibu lori dogo lililotumika.

Halafu ugonjwa huu una subira. Anayeingia kinuni leo atakufa baada ya miaka ishirini, na faida ya mbali haiwezi kulingana na ya leo. Thamani ya kesho tunaipunguza kwa asilimia kumi na mbili kila mwaka, kwa hiyo uhai huo leo unabaki sehemu ya kumi ya bei hiyo. Tena Daktari alileta orodha ya watu arobaini na mmoja ambao tayari wanaumwa. Iliniuma, lakini niliwaondoa. Mashine haiponyi pafu lililokwisha kuharibika, kwa hiyo hao si faida. Alilalamika sana hapo. Upande wa pili kuna bei ya mashine, na watu sitini ambao huenda wangepunguzwa kazi. Mizani ilianguka yenyewe.

Ningeweza kupindisha tarakimu moja kwa ajili yako, Dada, na hakuna ambaye angejua. Sikupindisha. Natumaini utajivunia hilo.

Mdogo wako


17 Mei

Ndugu Mchumi,

Nimesoma hadi mwisho kama ulivyoamuru.

Hilo lori lina matairi? Nauliza kwa sababu nimekaa na karatasi na mimi, nikapiga hesabu yako. Anayeanza leo ni sehemu ya kumi, tuseme usukani na kiti cha dereva. Kila mwaka anaongezeka kipande. Mimi wa miaka kumi na tisa nakaribia kuwa lori zima, na kadiri ninavyosogea kaburini ndivyo ninavyopanda bei. Lakini siku nitakapokohoa damu unaniondoa, unanipeleka kwa wale arobaini na mmoja, na huko sifikii hata msumari. Nimekuelewa, au nirudie darasa?

Na vile visima sita, vinachimbwa lini? Mwenye kiwanda hakununua mashine, basi pesa imebaki mfukoni mwake. Hajachimba hata shimo la choo.

Sasa la aibu. Jumatatu msimamizi alitukusanya uani akatusomea maelezo ya kitengo chenu. Tulikuwa tumesinzia kwa maneno makubwa mpaka akafika hapa: "Mfanyakazi mmoja mwanamke, mzoefu, amethibitisha: Tunajua. Nani asiyejua? Nimechagua mwenyewe, andika." Hakuna aliyegeuka kunitazama. Ingekuwa nafuu wangegeuka. Wale kumi na wawili walikaa chumbani kwangu, wanajua aliyeandika ni nani na alimwandikia nani. Mama Sweta alikuja kesho yake akaomba sweta lake. Alilikung'uta mlangoni kwangu kabla ya kuondoka nalo.

Jumatano nyongeza ikakatwa nusu. Mwenye kiwanda kasema, "Serikali imepima, imeona hatari yenyewe ni ndogo. Mimi nalipia nini?" Kwa hesabu yako, basi, tumeshuka. Sasa mtu mzima ni nusu lori.

Kwa kuwa nyongeza ndiyo iliyokuwa ikitulisha, binti ameanza kupakia wiki hii. Ulisema kijana hafi kwa kufanya kazi.

Dada


2 Juni

Dada,

Umeandika kwa hasira, nami nimesoma kwa heshima. Sasa nisikilize. Jina lako halikutajwa popote. Kama uliwakusanya watu kumi na wawili ukawatangazia unachoniandikia, hilo si kosa la kitengo. Nyongeza haikukatwa na mimi. Na visima si kazi yetu. Sisi tunaonyesha kwamba jamii ingeweza kunufaika zaidi kwa njia nyingine. Kama itanufaika kweli, waulize wanasiasa.

Umenipiga maswali, nami nina moja. Unajua kila kitu kuhusu vumbi hilo. Umemzika Mrefu. Mbona umempeleka binti yako?

Jibu ninalijua. Ulitazama mkate wa leo, ukatazama kifua cha kesho, ukaona mkate ni mzito. Huko ndiko kupima gharama na faida, Dada. Umefanya jikoni kwako kile ninachofanya ofisini. Tofauti ni kwamba mimi naandika chini jinsi nilivyopima, ili mtu anikosoe. Wewe unafanya kimya kimya, halafu unanilaumu mimi.

Fikiri juu ya hilo, kisha uniandikie kama dada.

Mdogo wako


20 Agosti

Dada,

Miezi miwili na zaidi! Nuna, lakini usizidishe. Mimi nimetoka ughaibuni kwenye mkutano wa wachumi. Nilieleza ile kazi yetu, na niliposoma yale maneno ya mfanyakazi ukumbi mzima ulipiga makofi. Mzee mmoja alinifuata akasema hajawahi kusikia jambo hili likielezwa kwa uwazi namna ile. Nilitamani ungekuwepo.

Nakutumia barakoa mbili nzuri, za huko huko, zinachuja hata moshi. Moja yako, moja ya mpwa wangu. Desemba nitakuja, tutagombana vizuri ana kwa ana.

Mdogo wako


29 Agosti

Mjomba,

Barua yako nimeifungua mimi. Mama tulimzika tarehe 11.

Bibi ameniomba niandike kwa upole. Upole sijui uanzie wapi, kwa hiyo nitaandika ilivyokuwa.

Tulipiga simu ofisini kwako mara mbili. Mara ya kwanza walisema uko kikaoni. Mara ya pili umesafiri, wakauliza mimi ni nani. Udugu sikuutaja, nisije nikakuponza; nikasema natoka kiwanda cha unga wa mawe. Mwanamke wa simu akasema malalamiko yapelekwe kwa maandishi, akakata.

Mama alikuwa mgonjwa kabla ya haya yote. Daktari alimpima Januari, naye ni mmoja wa wale arobaini na mmoja. Alinikataza nikuambie. Alisema, "Akijua atapindisha hesabu, na wakigundua watamfukuza. Nimekaa miaka kumi na tisa kwa ajili ya kazi hiyo." Uliposema umewaondoa, alicheka mpaka nikamletea beseni.

Barua yako ya Juni ilimkuta kitandani. Nilimsomea mimi, maana hakuweza kushika karatasi na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja. Nilipofika pale ulipouliza kwa nini alinipeleka kiwandani, nikataka kuuruka mstari huo. Akasema, "Soma." Nikasoma. Nilipomaliza akasema, "Ana haki."

Tangu hapo hakunitazama usoni. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimgeuza, na yeye aliangalia ukuta. Wiki saba. Nilimwambia, "Mama, nilikwenda kwa hiari yangu." Akajibu, "Ndivyo nilivyosema na mimi." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yenye maana. Amekufa akiamini kwamba ameniuza.

Msibani walikuja watu wachache. Wa kinuni hakuja hata mmoja.

Barakoa zimefika. Moja ninaivaa. Nyingine ninairudisha humu kwenye bahasha.

Mpwa wako


15 Septemba

Ndugu Mchumi Mwandamizi,

YAH: OMBI LA KUFUNGUA UPYA FAILI LA KANUNI YA VUMBI

Kwanza, pokea pole za kitengo kizima kwa kufiwa na dada yako.

Ombi lako nimelisoma kwa makini. Unasema hukutangaza kwamba una ndugu katika kiwanda husika, na kwamba kwa sababu hiyo tathmini yako ifutwe. Utaratibu unatutaka tuhofie mtumishi anayewapendelea ndugu zake. Wewe umewaamulia kinyume. Nimelipeleka suala hili kwa wanasheria nao wanakubaliana nami: mtu aliyekuwa na dada yake kinuni, na bado akaandika ulichoandika, hakuna mahakama itakayomshuku. Tathmini yako imepata nguvu zaidi, haikupungua.

Ama kuhusu kifo chenyewe, nitakukumbusha kwa upole maneno yako mwenyewe mbele ya Daktari wa Wafanyakazi: kisa kimoja si takwimu. Marehemu alikuwa ameugua kabla ya rasimu kuletwa. Hata tukifungua faili, jumla haibadiliki.

Wizara imependezwa na njia yako, na imeagiza itumike kwa kanuni kumi na moja zilizobaki: viwanda vya betri, vya rangi, vya ngozi, na vinginevyo. Utawasilisha mwenyewe kwenye kikao cha wazi cha tarehe 6 Novemba.

Umepewa likizo ya msiba ya siku nne.

Mkurugenzi


1 Oktoba

Mpwa wangu,

Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Niliomba faili lifunguliwe, wakakataa kwa maneno yangu mwenyewe. Nimeandika barua ya kuacha kazi. Ipo kwenye droo. Nina watoto wawili shuleni na nyumba ya kupanga. Wamenipa kanuni nyingine kumi na moja za kupima kwa njia ile ile, na ninaziandika.

Ile barua ya Juni niliandika ili nishinde. Nilitaka ajibu kwa hasira, kama zamani tulipokuwa wadogo. Sikutaka akubali.

Nimekupatia kazi hapa, masjala. Niliuliza tu, ikawezekana siku hiyo hiyo. Njoo wewe na Bibi. Nina chumba.

Mjomba wako


19 Oktoba

Mjomba,

Ikawezekana siku hiyo hiyo. Mstari huo nimeusoma mara nyingi kuliko yote.

Sitakuja masjala. Kiwanda nimeacha. Daktari alihitaji mtu anayejua hesabu, wa kuzunguka naye na ule mrija wake na kuandika wanaopimwa. Kwa wiki tatu nimeandika watu mia sita na kumi na wawili: wa betri, wa rangi, wa ngozi. Mshahara ni mdogo kuliko wa kupakia. Kwa hiyo usiwaambie watu nilipima, maana ningepima nisingekuja.

Bibi yuko nami. Anauliza utakuja lini. Nimemwambia uko kikaoni.

Droo yako ifungue au ifunge, mimi hainihusu. Ukiacha kazi watamweka mwingine, naye atatumia njia yako ile ile ya kupima. Kama una jambo la kufanya, lifanye mbele ya watu, si kwenye karatasi ya kuniandikia mimi.

Tarehe 6 Novemba nitakaa upande wa pili wa meza, karibu na Daktari. Daktari ameniambia kwamba kabla ya kuanza, Mkurugenzi huuliza kama kuna yeyote mwenye udugu na mwenzake humo ndani. Mimi nitasema sina. Nawe sema hivyo hivyo.

Mwandishi wa orodha